MaCele Aota Harusi Yake

Kwetu ukimwambia mtu "jana nimekuota umekufa," atakushika mkono akushukuru, na akiwa na haraka atakushukuru huku anakimbia. Lakini mwambie umemwota amependeza, amekaa kiti cha mbele, ng'ombe wanachinjwa na watu wanamchezea ngoma, basi umemharibia wiki nzima. Ndoto kwetu husomwa kinyume. Jeneza ni harusi na harusi ni jeneza. Neno hili tulilikuta kwa bibi zetu, nao walilikuta kwa bibi zao, na mtu akikubishia ujue kalelewa mjini.

Si ndoto zote, lakini. Za kipupwe ni takataka. Mtu kajikunyata na baridi, kichwa kinaropoka chenyewe, ukiamka unanawa uso na habari imekwisha. Za majira ya joto ndizo zenye neno, wakati mahindi mabichi yako shambani na watu wanalala madirisha wazi. Na katika ukanda wote huu wa miwa hakuna aliyeota majira ya joto kama MaCele.

Jina lake la kuzaliwa ni Bajabulile, ila mwanamke akiolewa kwetu huitwa kwa ukoo wa baba yake, na yeye baba yake alikuwa Cele. Ni mjane, mtu mzima wa miaka sitini na ushee, mnene wa kiasi, ana mwanya, ana kicheko kinachofika kabla ya mwenyewe. Kazi yake ni mikeka. Mwezi wa Mei ukifika, nyasi za kinamasi zinaporuhusiwa kukatwa kule upande wa bahari, utamkuta ametangulia kwenye matope na mundu wake, sketi ameifunga kiunoni, anawatania vijana wanaoogopa kulowa. Kisha mwaka mzima anasuka. Anawasukia mabibi harusi, kwa sababu bibi harusi wetu haingii kwa wakwe mikono mitupu. Huwaita watu wa kwa mumewe kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeitwa hutandikiwa mkeka wake na kufunikwa blanketi lake, akainuka hapo akicheza.

Sasa mtu anayeshinda na mikeka ya harusi tangu jua kutoka hadi jua kuzama, utashangaa akiota harusi? Mimi sishangai hata kidogo. Ila wakati ule hakuna aliyewaza hivyo, na MaCele ndiye aliyekuwa wa mwisho kuwaza.

Asubuhi wanawake walipokwenda bombani na ndoo zao, walipitia kwake makusudi, hata wale ambao njia yao haikuwa hiyo.

"MaCele! Umeniota?"

"Nimekuota, mwanangu. Ulikuwa kwenye jeneza jeusi, umefungwa taya."

"Hoyee! Na maua yalikuwepo?"

"Mengi mpaka yakazuia mlango."

"Jamani! Na mama yangu je, alilia?"

"Alizimia mara mbili."

Hapo vigelegele vilipigwa mpaka mbwa wakabweka, na msichana akaenda zake bombani akiyumbisha ndoo. Binti wa Hadebe aliambiwa hivyo hivyo, na mahindi hayajakauka vizuri wazee wa upande wa kijana wakabisha hodi. Watu walimheshimu sana MaCele baada ya hapo.

Mtu mmoja tu hakumuuliza kamwe, na huyo alikuwa jirani na rafiki yake mkubwa, MaHlabisa, waliyetenganishwa naye na uzio wa seng'enge tu. Miaka michache nyuma MaCele alimwota mume wa MaHlabisa anacheza harusini, koti jipya, anacheka meno yote nje. Hakusema kwa mtu, lakini uso wake ulisema, na majira yale ya joto hayakuisha mzee akazikwa. Wale wawili waliendelea kuazimana chumvi na kusemana kama kawaida. Ila ndoto zilipotajwa, MaHlabisa aligeuka akawaita kuku wake.

Basi Januari moja, alfajiri, MaCele aliota harusi yake mwenyewe.

Haikuwa ndoto ya kubabaisha. Alikuwa amevaa sketi ya ngozi na ile kofia pana nyekundu ya wake za watu, shanga zinamning'inia usoni, kisu kidogo cha bibi harusi mkononi. Ng'ombe walikuwepo, wenye madoadoa. Makande aliyaonja, yameiva. Aliita majina akatandika mikeka, na mwisho akamwita bwana harusi, naye bwana harusi alikuwa amempa mgongo, kofia kaivuta chini. MaCele akamvuta koti huku anacheka. Akaamka anacheka hivyo hivyo, peke yake kitandani, kwa sauti. Kisha akakumbuka maana yake, na kicheko kikakatika.

Aliogopa. Tusimpambe, aliogopa sana. Alikaa kitako, mkono kifuani, akisikiliza kama moyo unakwenda sawa. Halafu akajaribu kufanya ujanja. Labda usiku ulikuwa na baridi? Alikuwa amejifunika blanketi, si ndiyo? Alitoka nje kuhakikisha. Jua lilikuwa halijapanda juu ya miwa na tayari shingo ilikuwa inamchoma. Hakuna kipupwe hapo. Ingekuwa Julai angegeukia ubavu wa pili akalala.

"Haya," alijiambia. "Kama ni kufa, nife vizuri."

Siku hiyo hakusuka. Aligawa kuku. Jogoo alikwenda kwa Hadebe, matetea akawagawia wasichana wa bombani, chungu chake cha miguu mitatu akampa mke wa mwinjilisti, ambaye alikipokea kwa mikono miwili na macho yote. Walipomuuliza kulikoni, alisema amechoka kufuga. Kisha akafunga kitambaa kipya kichwani akaenda kwa MaHlabisa, kwa sababu MaHlabisa ndiye mwenyekiti wa chama cha mazishi.

"MaHlabisa, nimekuja kuandikisha mazishi."

MaHlabisa alikuwa anapepeta maharage. Aliweka ungo chini mara moja. "Yuu! Nani kafa?"

"Mimi."

Mwenzake alimtazama kuanzia viatu mpaka kitambaa. "Wewe."

"Bado kidogo."

"MaCele, chama hakipokei maiti iliyokuja kwa miguu yake. Kaa hapo unywe chai."

"Sitanii. Nimeota harusi yangu."

MaHlabisa alichukua birika. Chai aliimimina, lakini aliimimina polepole, na kikombe akakijaza mpaka kikamwagika sahanini.

"Ninachotaka," MaCele akaendelea, kwa kuwa alijua akinyamaza atalia, "makande yaive. Si kama yale ya msibani kwa Hadebe, tulitafuna kokoto. Na kwaya isivute wimbo. Nyimbo zao wanazivuta mpaka marehemu mwenyewe anataka kuinuka aondoke. Na mchungaji asiseme nilikuwa mpole. Sikuwa mpole."

"Hilo halina shaka."

"Usinicheke, nakufa."

"Sikucheki. Bwana harusi alikuwa nani?"

"Sikumwona. Alinipa mgongo. Alikuwa amevaa kofia."

"Ya rangi gani?"

"Kahawia."

"Aa," alisema MaHlabisa, akanywa chai yake mwenyewe. Kisha akauliza, "Na Zungu umemwambia?"

"Zungu ananihusu nini mimi?"

"Aa," MaHlabisa akasema tena, na akauchukua ungo wake.

Niwaambie kuhusu Zungu, maana MaCele hatawaambia. Mkhombiseni Zungu aliendesha trekta la kusomba miwa mpaka alipostaafu, mjane kama yeye, mrefu, mtaratibu, ana ng'ombe wachache wa madoadoa anaowasemesha kama watu. Anavaa kofia ya kahawia iliyokunjika ubavu mmoja, na haivui isipokuwa kanisani. Mara mbili alituma watu kwa MaCele kuposa. Mara ya kwanza MaCele alijibu kwamba amezeeka. Mara ya pili alijibu kwamba hataki mtu wa kumkoromea. Na bado kila alipopeleka mikeka barabarani alizunguka kwa njia ya mashambani, ndefu na yenye vumbi, mradi tu apite nyuma ya zizi la Zungu na asionekane na mtu.

Alhamisi kina mama wa kanisa hukutana, na saa nane mchana njia kuu inakuwa nyekundu kwa blauzi zao. Alhamisi hiyo MaCele hakupita mashambani. Alikata katikati ya uwanja wa mpira, mchana kweupe, mbele ya blauzi zote, akanyoosha moja kwa moja hadi kwenye lango la Zungu. Blauzi zikasimama. Moja ikasahau kufunga mdomo.

Zungu alikuwa anatengeneza mlango wa zizi, misumari mitatu minne mdomoni. Aliitema mkononi.

"MaCele! Karibu. Leo umepita njia ya watu?"

"Manzini," alimwita, kwa jina la heshima la ukoo wake, "nimekuja kukuaga."

"Unakwenda Durban kwa binti?"

"Nakwenda mbali kuliko Durban."

"Johannesburg?"

"Zungu, nakufa!"

Nyundo ilianguka. Na MaCele, akiwa ameshaanza, hakusimama. Angesimama angerudi nyumbani mbio.

"Nakufa, na sitaki kufa na uongo. Ulituma watu kwangu mara mbili nikawarudisha. Nikasema nimezeeka, nikasema mambo ya kukoroma. Uongo mtupu. Niliogopa midomo ya watu. Niliwaza watasema, mwone mama mzima anavaa shanga. Lakini nilikuwa nakupenda, na mpaka leo nakupenda, na sasa nimechelewa. Basi. Nimemaliza. Kwaheri."

"Kwaheri ya wapi? Simama. Umekwenda zahanati?"

"Siumwi."

"Huumwi, na unakufa."

"Nimeota harusi yangu."

Zungu aliiokota nyundo. Yeye pia ni mtu wa huku, alijua maana yake, na uso ulimbadilika. Lakini akauliza kile ambacho kila mtu angeuliza. "Harusi na nani?"

"Sikumwona uso. Kofia kaivuta chini."

"Kofia gani?"

"Ya kahawia, imekunjika ubavu..." MaCele akakoma.

Zungu aliivua kofia yake. Akaigeuza mikononi, akautazama ule ubavu uliokunjika, akaivaa tena taratibu.

"MaCele. Yaani ng'ombe umewaona. Mikeka umeiona. Chakula umeonja. Harusi nzima, mwanamume hukumtazama?"

"Nilikuwa na shughuli!"

Alianza kucheka Zungu, kwa kwikwi, kama trekta linalokataa kuwaka. Kisha MaCele naye akashindwa. Walicheka mpaka MaCele akakaa juu ya tairi kuukuu lililokuwa pale, anafuta machozi kwa ncha ya kitambaa, na ng'ombe wakaja ukingoni kuwatazama. Alipopata pumzi, woga ukarudi palepale.

"Tunacheka, lakini itageuka," alisema. "Unajua itageuka."

"Harusi hugeuka msiba kwa sababu haikufanyika," Zungu akasema. Alikuwa akilitafuta neno huku analisema, na sidhani kama aliwahi kulisikia popote. "Sasa tuifanye. Yote, kama ulivyoiota, tusiache kitu. Ndoto ikishatumika yote, itabaki na nini cha kugeuka?"

"Na nikidondoka katikati ya ngoma?"

"Ng'ombe atakuwa keshachinjwa na watu wameshafika. Utakuwa umetupunguzia kazi sana."

Alimrushia kiatu. Kilimpata begani. Na ndivyo MaCele alivyokubali posa, ingawa mpaka leo yeye anadai hakukubali, alikuwa anarusha kiatu tu.

Habari haikutembea, iliruka. Jumamosi binti yake, Zibuyile, alishuka kwenye basi la Durban na mfuko mmoja, amenuna.

"Mama, nimepigiwa simu na watu wanne. Wawili wanasema unakufa, wawili wanasema unaolewa."

"Yote mawili, mwanangu. Karibu, kaa."

Hakukaa. Alimpeleka zahanati siku ya Jumatatu. Muuguzi akampima mapigo, akampima sukari, akamwambia apunguze chumvi na asipoteze muda wa wagonjwa. Walirudi kwa miguu. MaCele alikuwa anangoja neno moja, na neno hilo alilihofia kuliko kaburi. Alimlea mtoto huyu peke yake. Alijua itafika mahali ataulizwa, na baba je?

Walipofika mlangoni Zibuyile akasema, "Baba alikufa nina miaka tisa."

"Najua, mwanangu."

"Nilipoondoka kwenda kufanya kazi mjini nililia basini mpaka mwanamke asiyenijua akanipa leso. Alidhani nalilia mchumba. Nilikuwa nalia kwa sababu nilikuacha unakula peke yako." Alifuta pua kwa kiganja, kama alipokuwa mdogo. "Zungu anakula sana?"

"Sijui. Nadhani."

"Basi nitanunua sufuria kubwa. Chungu chako nasikia umekigawa."

MaCele alimkumbatia palepale mlangoni, na wapita njia waliona, na kwa mara ya kwanza hakujali.

Wazee wa pande zote wakakaa, mambo ya ng'ombe yakazungumzwa yakaisha, siku ikapangwa mwezi wa Aprili. Miezi hiyo yote MaCele alisuka mikeka ya harusi yake, na kila asubuhi alipofumbua macho alishangaa. Bado yupo. Wanawake wa bombani walipita wakichungulia dirishani. Mmoja akauliza, "Mama, umeniota?" Naye akajibu, "Niacheni kwanza, nina ndoto yangu inaniwinda." Mke wa mwinjilisti aliulizwa kwa upole kuhusu chungu, akasema kitu cha mtu anayekufa hakirudishwi, na mtu anayekufa bado hajafa, kwa hiyo hajui atumie sheria ipi. Chungu kikabaki kwake. Kuku ndio waliorudi, nusu yao, wameshakaangwa, siku ya harusi.

Mkesha wa siku yenyewe, jua likiwa limeelemea magharibi, MaCele alivuka uzio kwa MaHlabisa.

"Siendi kesho."

"Unakwenda."

"Yule mwanamume ameshazika mke mmoja. Nikifa mikononi mwake kesho itakuwaje? Wewe ndiye unayejua. Wewe unajua ndoto zangu zinafanya nini." Akasema lile ambalo hawakuwahi kulisema miaka yote. "Nilimwota mumeo, MaHlabisa. Nilimwona anacheza, na akafa. Nisamehe."

MaHlabisa aliacha alichokuwa anafanya. Alikuwa anapiga pasi blauzi ya kesho. Aliisimamisha pasi, akakaa kitini.

"Nikusamehe nini? Mume wangu alikohoa misimu miwili ya baridi. Leso zake nilizifua mimi, nikizianika ndani ili mtu asione damu. Lakini kikohozi chake ningekianika wapi? Wewe hapo uzioni ulimsikia kila siku ukiwa unasuka. Masikio yako yalijua anakufa. Wewe mwenyewe hukutaka kujua, ndiyo maana ukamwota."

"Sasa mbona miaka yote hii unanigeuzia uso?"

"Kwa sababu ulijua kabla yangu!" Sauti ya MaHlabisa ilipasuka. "Mimi nililala naye kitanda kimoja na nikajidanganya mpaka siku ya mwisho. Sikukasirikia ndoto. Nilikuonea wivu, basi. Hata ungenicheka ningekuelewa."

MaCele hakumcheka. Alikaa sakafuni karibu na miguu yake, kama msichana.

"Na binti wa Hadebe?" aliuliza baadaye.

"Aka! Nani hakumwona binti wa Hadebe na yule kijana kituoni? Hata mbuzi walijua."

"Basi hii yangu imejua nini?"

"MaCele," alisema MaHlabisa, akiichukua pasi yake, "wewe ndiye mtu pekee wilaya nzima anayeuliza. Nenda kalale."

Harusi ilikuwa ya kelele, nayo ilikuwa nzuri, na asiyeamini aulize barabarani. Zungu hakukubali kupunguza kitu. Kila alichoambiwa kilikuwemo ndotoni alikileta: sketi ya ngozi, kofia pana nyekundu, shanga, kisu, ng'ombe wa madoadoa. Makande yalipikwa na MaHlabisa mwenyewe, aliyesimama juu ya sufuria kubwa na mwiko kama askari. Kwaya ilivuta wimbo, hawa hawakomi. Watu wa Zungu wakacheza, watu wa Cele wakawajibu, na mwinjilisti mwenyewe aliinua mguu juu kuliko ilivyotarajiwa kwa cheo chake.

MaCele alicheza kidogo kidogo, akijisikiliza. Kila hatua alihesabu ni ya mwisho. Ikafika mikeka. Akaanza kuita majina. Shangazi wa Zungu, dada wa Zungu, wajomba, kila mmoja akaja akatandikiwa, akafunikwa blanketi, akanyanyuka akicheza, vigelegele vikipasua anga. Mkeka wa mwisho ukabaki. Watu wakanyamaza wenyewe, kwa sababu sote tulikuwa tumeisikia ndoto ile na sote tulijua iliishia hapo.

"Zungu," aliita. "Manzini. Mkhombiseni."

Alikuwa amempa mgongo. Sijui alifanya makusudi au alikuwa anafuta macho. MaCele akaenda, akamshika koti, akamvuta.

Zungu akageuka, kofia ameishika mkononi, kichwa wazi mbele ya watu wote, jasho linamtiririka, kidevu kinatetemeka kama cha mtoto. Akamtazama. Na MaCele akamtazama, uso mzima, kwa muda ambao ungekuwa wa aibu siku nyingine yoyote. Kisha mikono yake ikaacha mkeka, mkeka ukaanguka, naye akainamisha kichwa na machozi yakaanza kumwagika nyuma ya shanga, mengi, mabega yanamtikisika.

MaHlabisa alitupa mwiko. Alipita katikati ya wajomba kwa viwiko, akamshika mwenzake kiunoni asianguke. Zibuyile naye alikuwa keshafika na kiti.

"Inauma wapi?" MaHlabisa alimuuliza, sikioni, sauti imemkauka. "MaCele! Niambie, ni moyo? Inauma wapi?"

"Haiumi popote," MaCele alisema. "Nina furaha, MaHlabisa. Nina furaha mpaka naiogopa. Sijui niiweke wapi."

MaHlabisa alimtazama. Akamfuta uso kwa aproni yake iliyojaa unga wa jikoni, akamwachia doa jeupe shavuni, na akampokonya Zibuyile kile kiti akakirudisha nyuma.

"Iweke miguuni, basi," alisema. "Watu wanangoja ngoma."